Jicho Likae Wapi?

Desemba 2014 nilikuwa nimemaliza mtihani wa kidato cha nne, niko nyumbani Igowole, sina kazi wala senti. Asiyeijua Igowole aelewe tu kwamba ni mji mdogo wa Mufindi, mkoani Iringa, nchi ya mashamba ya chai na misitu ya kupandwa. Huko ukungu unaweza kuingia sokoni alfajiri kama mteja na usiondoke mpaka saa tano. Ndugu msomaji, ukumbuke huo ukungu, maana ndio ulioniumbua.

Jamaa mmoja alikuwa amefungua kibanda cha kinyozi karibu na stendi. Alisikia kwamba shuleni mimi ndiye niliyekuwa nikichora vichwa vya wasanii kwenye madaftari ya wenzangu, akaniita nimchoree kibao. Tukapatana: rangi ninunue mwenyewe, yeye atanilipa kazi ikiisha. Sasa hela ya rangi itoke wapi? Nikaenda kwa bibi.

Bibi yangu anasuka vikapu vya milulu. Wakati huo alikuwa na viwili alivyovitunza avipeleke Mafinga sikukuu ikikaribia, apate bei nzuri. Alivipeleka kabla ya siku yake, akaviuza kwa bei aliyoikuta, akarudi na kufungua fundo la kanga.

"Shika, mume wangu," akaniambia, kama mabibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wao wa kiume. "Ukilipwa utanivisha kitenge."

Nilichora siku tatu. Ubao mzima niliupaka kijani. Juu yake nikaandika kwa rangi nyekundu, na kila herufi nikaitilia kivuli cha buluu. Nikaongeza mkasi, kitana, mashine ya kunyolea, nyota saba, tai aliyekunjua mabawa, na kwenye kona kichwa cha Tupac. Nilitaka mtu akipita ajue kwamba hapa kuna fundi. Vijana wa kijiweni walipiga miluzi. "Kaka, umeua!" Nami nikavimba kichwa.

Asubuhi yake ukungu ukashuka. Abiria mmoja akateremka kwenye Hiace, akauliza kinyozi yuko wapi. Alikuwa amesimama hatua kama ishirini tu kutoka kwenye kibao changu! Nikakitazama kutoka pale alipo. Bwana we, nyekundu na kijani zilikuwa zimeungana zikawa giza moja. Mbele yetu palikuwa kama blanketi kuukuu lililoanikwa. Mwenye kibanda naye akaja, akakiangalia kwa muda.

"Kijana, umechora vizuri," akasema kwa upole. "Sasa saluni yangu iko wapi?"

Hakunilipa, na ukweli ni kwamba sikuwa na la kumdai. Jioni bibi alikuja kuona vikapu vyake vimegeuka nini. Bibi hakusoma zaidi ya darasa la pili. Alisimama mbele ya ubao, akaninamisha kichwa kama anayemsikiliza mgonjwa, kisha akauliza swali ambalo mpaka leo sijamaliza kulijibu: "Mume wangu, hapa jicho langu likae wapi?"

Makala haya ni jaribio langu la kulijibu.

Shuleni kwetu hatukuwa na somo la sanaa, kwa hiyo nilianza kutafuta mwenyewe, vitabuni na kwa mafundi. Nilikuta kwamba wenye taaluma hii wanagawa mambo mafungu mawili. Fungu la kwanza ni malighafi ya kila kinachoonekana: nukta, mstari, umbo, rangi, mwanga na giza, uso wa kitu (laini au wa kukwaruza), na nafasi tupu. Fungu la pili ni kanuni za kuvipanga: mizani, uwiano, mdundo, tofauti, mkazo na umoja. Ukitaka lugha ya jikoni, fungu la kwanza ni unga na maji, la pili ni kusonga. Unga na maji unaweza kuwa navyo tele na bado watu wakalala njaa.

Hapo nikaanza kulielewa kosa langu. Nyekundu na kijani ni rangi mbili mbalimbali, lakini zile nilizonunua zilikaribiana sana kwa giza. Jua likiwaka, jicho linazitenganisha kwa rangi zake. Ukungu hufifisha rangi na kubakiza weupe na weusi tu, nami sikuwa nimeweka weupe popote. Hiyo ndiyo kanuni ya tofauti. Na kanuni ya mkazo inasema kitu kimoja kitangulie, vingine vifuate. Kwangu tai alipigana na Tupac, Tupac na nyota, na neno KINYOZI likakanyagwa na wote. Bibi aliyasema haya yote kwa swali moja.

Sasa, orodha hii ilitoka wapi? Hapa ndipo historia inapoanza kunoga. Orodha yenyewe, kwa namna inavyofundishwa vyuoni, si ya kale. Huko Marekani, Arthur Wesley Dow alitoa mwaka 1899 kitabu cha kufundisha mpangilio wa picha kwa mambo matatu: mstari, giza na mwanga, na rangi. Mengi aliyachota katika sanaa ya Japani. Mwaka 1919 Walter Gropius alifungua shule ya Bauhaus katika mji wa Weimar, Ujerumani. Wanafunzi wapya walianza na kozi ya msingi iliyoasisiwa na Johannes Itten, wakichezea maumbo, rangi na malighafi kabla ya kuingia karakana. Mchoraji Wassily Kandinsky alifundisha hapo, na mwaka 1926 akachapisha kitabu kizima juu ya nukta, mstari na bapa. Mwaka 1933, chini ya shinikizo la Wanazi, shule ikafungwa, na walimu wake wengi wakatawanyika wakiwa na elimu yao vichwani.

Niliposoma hayo nilinywea kidogo. Nikasema moyoni, kumbe na hili nalo ni la kuazima. Wengi wetu tunaoandika na kuchora tuna huo ugonjwa: tukiona jambo limeandikwa Ulaya tunadhani limezaliwa Ulaya.

Dawa yangu niliipata njiani. Ukitoka Igowole ukapita Mafinga na kushika barabara kuu kwenda Iringa, zikibaki kilometa kama 20 kuufikia mji kuna korongo la Isimila. Watalii huenda kupiga picha nguzo za udongo zilizochongwa na mvua. Mimi nilikwenda kuona mawe. Mwaka 1951 mwanafunzi kutoka Afrika Kusini, akiwa safarini, aliokota hapo zana za kale, na mwaka 1957 na 1958 wachimbuzi wakiongozwa na Clark Howell wakafukua mamia ya zana hizo. Vipimo vya baadaye vimeonyesha kuwa umri wake unaweza kuzidi miaka 200,000.

Tazama shoka moja la mkono la Isimila. Halina mpini. Chini ni pana, juu limechongoka, na ukilipitishia mstari wa kufikirika katikati, upande wa kulia unamjibu wa kushoto. Aliyelitengeneza aligonga jiwe kwa jiwe, akageuza, akagonga tena, huku akiwa na umbo kichwani kabla halijawa mkononi. Kwa kukata nyama tu, ukingo mmoja mkali ungetosha. Kwa nini basi pande mbili zifanane? Wataalamu bado wanabishana: labda lilikaa vizuri zaidi kiganjani, labda mchongaji alifurahia kuliona. Mimi sioni sababu ya kuyatenga hayo mawili. Kinachokaa vizuri mkononi mara nyingi hukaa vizuri machoni. Mizani na uwiano vilikuwa kazini hapa Iringa kabla hapajawa na Iringa.

Nikarudi nyumbani na macho mapya, nikakaa kumwangalia bibi akisuka. Nilikuwa nimemwona hivyo tangu utotoni, lakini sikuwahi kumtazama.

Milulu ni majani marefu membamba yanayoota penye majimaji, kule mabondeni tunakolima vinyungu. Hukatwa, hukaushwa, na mengine hutiwa rangi. Bibi huanza katikati ya kitako: nukta. Kutoka hapo nyuzi za kusimama zinatawanyika kama miale, nazo nyuzi za kulala zinazunguka mbilimbili zikipishana, moja mbele, moja nyuma: mistari. Kadiri kitako kinavyopanuka anaongeza nyuzi za kusimama, la sivyo kikapu kitalegea. Kisha anakunja kupanda juu, na hapo umbo linazaliwa. Mapambo hayaweki kila mahali. Anaacha eneo kubwa likiwa na rangi yake ya majani makavu, halafu anapitisha mkanda wa rangi moja iliyokolea, labda na mwingine mwembamba juu yake, basi. Ile sehemu tupu ndiyo inayoupa mkanda sauti. Mimi kwenye kibao changu sikuacha hata mahali pa inzi kutua.

Halafu kuna hesabu. Pembetatu za kwenye mkanda lazima zikutane mzunguko unapofunga. Akikosea nyuzi moja mwanzoni, mwishoni pembetatu moja itatoka nyembamba, na kikapu kitamsema kila siku. Nilimuuliza anahesabuje. Akacheka. "Sihesabu. Vidole vinaimba." Kwa miaka ya karibuni macho yake yamefifia, na bado anasuka, kwa kupapasa. Mdundo, ule ambao kitabu kinasema ni wa kuonekana, kwake umehamia kwenye ncha za vidole.

Basi nikajiuliza: kama elimu ni ileile, tofauti iko wapi? Jibu nililipata Bauhaus kwenyewe. Shule ile ilipofunguliwa ilitangaza kuwapokea wanawake, lakini wengi wao wakasukumwa kwenye karakana ya ufumaji, kama kwamba nyuzi ndizo saizi yao. Mmoja wao, Anni Albers, hakuwa amepanga kufuma. Alifuma hivyo hivyo, akafanya uzi kuwa fikra. Mwaka 1949 jumba kubwa la sanaa ya kisasa la New York, MoMA, lilimwandalia maonyesho yake peke yake, na hakuna mfumaji aliyekuwa amepewa heshima hiyo pale kabla yake. Mwaka 1965 akatoa kitabu juu ya ufumaji. Leo jina lake linafundishwa.

Nami nikakumbuka siku moja mjini Iringa, nilipokuta dukani kikapu kama cha bibi. Sisemi kilikuwa chake, siwezi kuapa. Kilikuwa na kikaratasi kilichofungwa kwa uzi. Kikaratasi kilitaja bei na neno moja: Iringa. Mkoa mzima ulikuwa umesuka kikapu kimoja! Aliyekata milulu, aliyekosa usingizi, aliyejua wapi aweke mkanda na wapi aache tupu, hayumo. Naamini hapa ndipo tunapopotezea elimu yetu. Kitu kisicho na mwenyewe hakina mwalimu, na kisicho na mwalimu hatukiiti elimu. Tunakiita "utamaduni", tunapiga makofi, tunakwenda kujifunza kwingine.

Nilimwambia bibi kwamba nitaandika makala na jina lake nitaliweka. Akakataa katakata. "Andika kijiji. Milulu nilikata bondeni kwa wote, na kusuka nilifundishwa na waliokufa. Wao nao utawaandika?" Sikuwa na jibu. Nimemtii, ndiyo maana tangu mwanzo unamsoma kama bibi tu. Lakini nimemtii nikiwa nabisha, na ubishi huo nauacha hapa wazi, wewe msomaji uuamue.

Sisi wa kalamu tuna mwalimu mwingine aliye karibu zaidi, naye ni kanga. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa pwani waliunga leso sita za mraba kupata vazi moja, kisha wafanyabiashara wakaanza kuagiza kitambaa kizima kilichochapwa hivyo. Jina lenyewe linasemekana kutoka kwa ndege kanga, kwa yale madoa yake. Mwanzoni mwa karne ya 20 kukaingia maneno, na anayetajwa sana ni mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, ambaye kanga zake zilijulikana kama "Mali ya Abdulla". Maneno yaliandikwa kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa za Kilatini. Toka hapo kanga ina sehemu tatu: pindo linalozunguka pande zote nne, mji ulio katikati, na jina, yaani maneno, chini ya mji.

Hebu fikiri ujanja uliomo. Kitambaa hiki hakitatundikwa ukutani. Kitafungwa kiunoni, kitatupwa begani, kitambeba mtoto. Pindo linafanya kitambulike hata kikikunjwa. Mji unavuta jicho. Jina linakaa mahali ambapo mvaaji akishapita, anayebaki nyuma analisoma, na amekwishachelewa kujibu! Hakuna herufi ya kujionyesha: ni kubwa, nyoofu, zenye tofauti na rangi iliyo chini yake. Mtu anayetaka kujua namna ya kuweka kichwa cha habari kwenye jalada, asitafute mbali.

Hata bendera yetu ni darasa. Ile ya Tanganyika ilikuwa ya kijani, na katikati mkanda mweusi wa kulala wenye kingo za njano. Ile ya Zanzibar ilikuwa na buluu, nyeusi na kijani, nazo za kulala. Mwaka 1964 nchi mbili zilipoungana, swali la siasa likawa pia swali la umbo: utaunganishaje mistari ya kulala bila mmoja kumlalia mwenzake? Mkanda mweusi ukainuliwa mshazari, kona hadi kona. Kijani ikapata pembetatu, na buluu pembetatu iliyo sawa nayo. Ndani ya bendera, walau, nusu mbili zililingana.

Na kama unasema huna vifaa, mkumbuke Edward Saidi Tingatinga, aliyetoka Tunduru akaja Dar es Salaam kutafuta maisha. Alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi za mafuta za kupaka baiskeli, juu ya mbao laini za dari. Nyuma rangi moja tulivu, mbele mnyama mmoja mwenye umbo wazi, na nafasi ya kupumua. Jicho lilijua pa kukaa. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu, akafa, lakini mtindo wake haukufa. Rangi zake zilikuwa ndugu wa zile zangu za makopo. Mimi nilizitumia kusema "nitazameni"; yeye alizitumia kusema "mtazameni chui".

Nirudi stendi. Baada ya aibu ile nilikwenda kuchuma chai, kibarua cha siku nne, nikapata hela ya kopo moja la rangi nyeupe. Nikaupaka ubao mzima weupe. Tai kwaheri, Tupac kwaheri. Nikaandika KINYOZI kwa rangi nyeusi, herufi za urefu wa kiganja na nusu, nikaacha nafasi pande zote kama pindo, na chini kabisa mkasi mmoja mwekundu. Kilinichukua saa tatu. Vijiweni hakuna aliyepiga mluzi. Lakini ukungu uliposhuka, neno lile lilibaki limesimama ndani yake kama mtu anayekusubiri. Mwenye kibanda alinilipa bila kusema neno. Kitenge nilikinunua Mafinga. Bibi alikikunjua, akakagua pindo kwanza, ndipo akakagua katikati, akatikisa kichwa kukubali. Mimi hapo bado nilikuwa nashikilia pumzi.

Miaka michache baadaye kibao changu kiliondolewa. Mahali pake pamewekwa bango la plastiki lililochapwa kwa kompyuta: wasanii sita wa Marekani, miale ya jua, namba tatu za simu, moto unawaka nyuma ya maandishi. Mashine ni mpya, kosa ni langu lilelile. Leo kila kijana mwenye simu anaweza kutengeneza jalada au bango kwa dakika kumi, na hilo ni jema. Ila simu itakupa unga na maji tu. Kusonga ni kwako.

Kwa hiyo, wenzangu mnaoandika mashairi na hadithi na kutaka kuvipamba, kabla ya kuongeza kitu cha pili muulizeni yule atakayetazama, na mumuulize akiwa amesimama mbali, ndani ya ukungu. Na kama una bibi anayesuka, kaa chini karibu naye. Mimi wangu bado yuko Igowole. Nikifika husema, "Kamwene, bibi," naye hunitafuta usoni kwa vidole kwanza, taratibu, kama anayeanza kitako cha kikapu.